Ninga wa Pemba na Ninga wa Kasulu: Je, ni Ndege Mmoja?

Suala hili tumeletewa si mara moja wala mbili, nasi tumeona bora tulijibu humu ili kila mtu asome kwa nafasi yake, kuliko kulijibu barazani ambako wasemao ni wengi na wasikilizao ni wachache. Suala lenyewe ni la ndege. Najua wako watakaouliza: chama cha wakulima wa karafuu na ndege, wapi na wapi? Tunawaomba wavute subira. Ndege huyu anatua katika miti ya mashamba yetu, anakula matunda ya miti yetu, na siku akitoweka atakuwa ametoweka mikononi mwetu sisi wala si mikononi mwa mtu mwingine.

Habari ilianza hivi. Mwanachama mmoja wa upande wa Konde, mtu mzima, ana desturi ya kuwakataza vijana wasitege ninga kwa ulimbo shambani mwake. Siku moja kijana mmoja, ambaye ami yake ana duka huko Kasulu katika mkoa wa Kigoma, akamjibu kwa adabu lakini kwa hoja: "Mzee, watukataza bure. Ami yangu asema Kasulu na Kibondo ninga wako tele, waruka makundi kwa makundi. Hawa wakesha, wale wapo." Mzee wetu hakuwa na jawabu. Akatuletea sisi.

Hoja ya kijana si ya kudharauliwa. Ikiwa ninga wa huko na ninga wa hapa ni ndege mmoja, basi anayo Bara nzima ya kuishi, na tukimla hapa atabaki kule. Na ikiwa ni ndege mbalimbali, basi wa kwetu hana pa kukimbilia. Jambo lote limesimama juu ya kutambua nani ni nani, na hilo halipatikani kwa kubishana. Hupatikana kwa kutazama.

Ikasadifu kwamba tulikwisha azimia safari ya Kigoma kwa shughuli ya nyuki, maana baadhi ya wanachama wanataka kutundika mizinga mashambani, na Waha wa Kasulu na Kibondo ni mabingwa wa kazi hiyo tangu zamani. Tukasema, vyema, tutatazama mizinga na tutatazama ninga. Nauli ni moja.

Kutoka Dar es Salaam tulikwenda kwa reli ya kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, kisha tukapanda gari mpaka Kasulu. Mtu wa kisiwani akifika huko kwanza hushangazwa na baridi ya asubuhi. Nchi ni ya vilima juu ya vilima, imejaa migomba, mahindi na maharage, na mabondeni mnapita vijito vyenye miti mikubwa kando. Ndiyo nchi ya zamani ya Heru. Kibondo, kaskazini yake, ndiyo Muhambwe. Ukielekea mashariki vilima hushuka, yakaja mapori makubwa ya miombo, na mwisho wake ni mabwawa ya mito Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yaliandikwa katika mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi zenye maji, ya kwanza katika Tanzania nzima. Huko yuko korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo mfano wa kiatu, lakini huyo si wa habari yetu.

Kumtafuta ninga tulianzia sokoni Kasulu, kwa kuuliza. Tuliuliza: "Ninga wapatikana wapi?" Bwana mmoja akatuongoza kwa furaha kubwa mpaka karakana ya seremala, akatuonyesha mbao nzuri nyekundu, safi kabisa, akataja na bei. Kumbe yeye amesikia mninga, mti wa mbao ulio maarufu katika mapori yale! Ilitubidi tueleze kwa mikono na kwa mabawa kwamba tunataka ndege, njiwa wa kijani akaaye juu mitini. Watu wakacheka, na seremala akacheka kuliko wote, kisha yeye ndiye aliyetupa maneno ya maana. Akasema: "Huyo msimtafute ndege. Tafuteni mkuyu ulioiva."

Na hapo ndipo tulipopata elimu. Asubuhi mbili tulizunguka kando ya mashamba, tukaona hua na tetere wa kutosha, wanatembea chini wakiokota mbegu kama wafanyavyo kote duniani. Ninga si wa namna hiyo. Ni njiwa kwa ukoo, lakini maisha yake ni ya juu. Chakula chake ni matunda, na zaidi ni kuyu, naye hushuka chini mara chache. Basi mtu anayetembea akitazama njiani, hata akitembea mwezi mzima, anaweza asimwone.

Asubuhi ya tatu tukapata mkuyu umeiva, bondeni, kiasi cha mwendo wa nusu saa kutoka mjini. Tulifika saa kumi na mbili na robo, jua halijapanda kilima. Tukasimama chini tukatazama juu, hatukuona kitu. Majani tu. Hapana mlio wa njiwa, maana ninga halii "kuu, kuu" kama ndugu zake. Mlio wake ni wa kukwaruza na kuguguna, huanza kama mtu anayepiga mluzi kwa mashaka, ukaishia kama mlango mkavu unaofunguliwa. Mlio ule tuliusikia baadaye. Mwanzo tulichosikia ni kitu kingine: tap, tap, tap. Vipande vya kuyu vilikuwa vinaanguka juu ya majani makavu, na hapakuwa na upepo.

Hii ndiyo alama ya kwanza tunayotaka wanachama waishike. Usitazame ndege, tazama kinachoanguka. Tulifuata kwa macho kutoka kipande cha kuyu mpaka tawi lake, na pale tukaona jani moja linajongea kinyume cha majani mengine. Lilikuwa ninga. Alikuwa ananing'inia kichwa chini miguu juu, akivuta kuyu kwa mdomo, kisha akajivuta akapanda tawi kwa miguu na mdomo mfano wa kasuku. Mara tulipomwona mmoja, macho yakafunguka, tukahesabu wanne. Tukapiga hatua moja mbele ili tuone vizuri, na mti ukapasuka: wakaruka kumi na moja kwa kishindo kimoja. Wale saba walikuwa mbele ya macho yetu muda wote, wametulia tuli.

Hatukuondoka. Tulikaa chini ya mgomba, na baada ya robo saa hivi wakaanza kurudi mmoja mmoja. Jua sasa limekwisha ingia mtini, nasi tukaweza kuandika tuliyoyaona. Mgongo kijani. Kichwa na kifua kijani cha kuelekea manjano. Mapajani manyoya ya manjano safi, kama aliyevaa suruali ya sikukuu. Begani, pale bawa linapokunjika, kidoa cha zambarau. Mdomo mwekundu shinani, mweupe nchani. Tuliandika pale pale kwa kalamu ya risasi, maana rangi ukiitia moyoni usiiandike, ikifika jioni imekwisha geuka.

Siku chache baadaye tulikuwa Kibondo, wageni wa mzee mmoja mfuga nyuki, ambaye alitutembeza katika miombo kuona mizinga yake ya magogo iliyotundikwa juu ya miti. Habari ya mizinga tutaieleza katika toleo lijalo, inahitaji ukurasa wake. Hapa tutaje moja tu. Kando ya kijito kimoja mzee alisimama, akainua kidole, akatuambia: "Wanangu, wale mliokuwa mkiwauliza Kasulu." Habari za seremala zilimfikia kabla yetu! Walikuwa sita. Safari hii tulikaa mbali, tukawatazama kwa saa nzima bila ya kuwashtua, tukalinganisha na maandishi yetu ya Kasulu. Kifua kile kile cha kijani na manjano, suruali ile ile. Tukamwuliza mzee kama amepata kumwona ninga mwenye kifua cha kijivu. Akafikiri, akasema: "Kijivu? Huyo atakuwa wa kwenu."

Na kweli ni wa kwetu.

Turejee Pemba sasa. Aliyefika msitu wa Ngezi asubuhi na mapema, au aliye na mkuyu shambani mwake, na amtazame ninga jua likiwa mgongoni mwa mtazamaji. Ataona mgongo wa kijani, sawa. Begani kidoa cha zambarau, sawa. Mdomo mwekundu shinani, sawa vile vile. Mpaka hapo kijana wa Konde angeshinda kesi. Lakini atazame kichwa, shingo, kifua na kushuka tumboni: ni kijivu, kijivu kilichoguswa na kijani kwa mbali, kama jani lililopakwa majivu. Yule wa Kasulu na Kibondo ukimwona kwa chini anang'aa. Wa kwetu ukimwona kwa chini amepoa. Basi asimtambue mtu ninga kwa mdomo wala kwa kidoa cha bawa, maana hivyo wote wawili wanavyo. Amtambue kwa kifua.

Na ajihadhari na kivuli. Ndege aliyejificha ndani ya majani hutiwa ukijani na majani yenyewe, hata aliye kijivu akaonekana kijani. Tungemshauri mtu asitoe hukumu mpaka ndege ajongee juani, au atue tawi lililokauka, kama ninga wapendavyo kufanya asubuhi kuota jua.

Tofauti hii hatukuigundua sisi. Aliyeiandika kwa kanuni za wataalamu ni Bwana R. H. W. Pakenham, aliyekuwa ofisa wa serikali hapa Zanzibar zama za Waingereza na mtu aliyependa sana ndege. Mwaka 1940 alimtangaza ninga wa Pemba kuwa ndege mbali, akampa jina la kitaalamu Treron pembaensis, maana yake ninga wa Pemba. Yule wa Bara anaitwa Treron calvus, naye ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Kasulu na Kibondo ni sehemu ndogo tu ya milki yake. Mwaka 1979 Bwana Pakenham alitoa orodha ya ndege wote wa Unguja na Pemba, na mpaka leo wataalamu wakija hapa huianzia hiyo. Inatupendeza kuona kwamba jina la kisiwa chetu limo katika vitabu vya ndege vya dunia nzima. Hatudhani ni wanachama wengi wanaolijua hilo.

Mtu anaweza kuuliza, Pemba na Bara ni kilomita 50 hivi, na ndege ana mabawa, vipi awe mbalimbali? Jawabu limo baharini. Unguja imekaa juu ya bahari ya kina kifupi, na zamani sana, maji ya bahari duniani yalipopungua, ilikuwa imeungana na Bara. Pemba siyo. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, wavuvi wetu wanaujua vyema, na kisiwa kimekaa peke yake muda mrefu mno. Ninga ni ndege wa miti, hana hamu ya kuvuka bahari. Waliofika hapa siku hizo za mbali wakabaki, wakazaana wao kwa wao, na kidogo kidogo wakawa kabila lao. Yametokea hayo hayo kwa wengine: Pemba ina ndege wanne wasiopatikana penginepo duniani, nao ni ninga huyu, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule kidege mdogo wa manjano mwenye duara nyeupe jichoni, aliyepewa jina la Bwana Vaughan. Wawili wa mwisho wamezoea mashamba na bustani. Na huko Komoro, katika kisiwa cha Mwali, yuko ninga mwingine wa peke yake, aliyetangazwa mwaka 1960, naye leo hana kwao pengine.

Sasa tuseme la karafuu. Kabla ya karne ya 19 sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Karafuu ikaja, ikapanda, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, kisiwa chetu kikawa ndicho cha mbele kwa zao hili. Hatulalamiki, karafuu ndiyo iliyotusomesha. Lakini msitu ulikwenda, ukabaki Ngezi na vipande vipande. Ninga hakufa kwa sababu wazee wetu, walipopanda mikarafuu, waliiacha mikuyu na miti mikubwa mabondeni na mipakani mwa mashamba. Wengine waliiacha kwa kivuli, wengine kwa kuwa ilikuwa kazi kuikata. Kwa sababu yoyote iliyokuwa, ndege amekula humo mpaka leo.

Tuna wasiwasi kwa mambo mawili. La kwanza ni misumeno. Mti uliowachosha babu zetu kwa shoka siku tatu, leo msumeno wa injini unaulaza kwa nusu saa, na mkuyu mmoja ukiondoka, ondoleo lake haliko mwaka ujao wala ule wa pili. Ninga hali kwenye mti mmoja mwaka mzima. Leo unaiva huu, mwezi ujao ule wa jirani. Ndiyo kusema kila mti unaokatwa hukata siku fulani katika mwaka wa ndege huyu, nasi hatuoni siku gani. La pili ni ulimbo na manati. Ninga ana nyama nzuri, hilo hatulikatai, na hukusanyika mti mmoja, kwa hiyo mtegaji stadi anaweza kuwapata wengi kwa asubuhi moja. Wanaotega kwa kawaida ni watoto wetu wenyewe.

Kwa wanaodhani njiwa hawaishi, tunataja mawili. Kule Marekani alikuwako njiwa mhamaji, makundi yake yakilifunika jua, na wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa ndani ya tundu katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Watu walimwinda wakisema wengine wapo. Na kisiwa cha Morisi, ambacho mbegu ya karafuu ilipita njiani kuja kwetu, ndicho kilichokuwa na dodo, ndege mkubwa asiyeruka, ambaye naye ni wa ukoo wa njiwa. Alikwisha katika karne ya 17, zamani kabla ya karafuu kufika huko.

Lakini hapa hapa kwetu tunao mfano wa kinyume. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye naye hapatikani ila hapa, mwishoni mwa miaka ya 1980 alihofiwa kuwa anakwisha kwa kuwindwa. Watu wa vijiji, kama Kidike, wakaamua wenyewe kulinda miti anayolala, na leo wanahesabiwa kwa maelfu mengi, na wageni hulipa kuja kuwatazama. Hawakungoja amri.

Kwa hiyo jawabu kwa mzee wetu wa Konde, na kwa kijana pia, ambaye tunamshukuru kwa swali lake: ninga wa Kasulu wako tele, ami yake hakusema uongo, lakini si hawa. Hawa wa kijivu wakesha, hakuna wale.

Kamati imekubali mambo haya. Mwanachama anayefyeka shamba kwa kupanda mikarafuu mipya anaombwa auache mkuyu uliokomaa, hasa wa bondeni na wa mpakani. Na ikiwa hapana budi kuukata, kwanza amwarifu katibu wa tawi. Ulimbo na manati kwa ninga vipigwe marufuku na mwenye shamba mwenyewe. Na kabla ya mavuno ya vuli tunataka kujua ninga wako wapi. Kila tawi limepelekewa daftari. Andikeni tarehe, saa, jina la shamba, mti waliokuwamo na kama ulikuwa umeiva, idadi waliyoonekana kabla ya kuruka na idadi waliporuka, na rangi ya kifua. Mwenye simu ya kupiga picha na apige, jua likiwa mgongoni mwake. Asiyeona ninga hata mmoja mwezi mzima naye aandike hivyo, kwani nayo ni habari. Madaftari yarudishwe kwa katibu wa tawi kabla ya majamvi ya kwanza ya karafuu kutandikwa.